Daftari, kadi, Excel au mfumo kamili: kliniki ya meno Nyanda za Juu Kusini itunze vipi kumbukumbu za wagonjwa?

Anayefungua kliniki ya meno Mbeya hupiga hesabu ya kiti, kompresa, otoklevu, eksirei, kodi ya chumba na mshahara wa msaidizi. Kumbukumbu za wagonjwa hukumbukwa wiki ya mwisho, na jibu lake huwa jepesi: mtu anatumwa soko la Mwanjelwa kununua kaunta buku mbili. Mwaka unapoisha zile kaunta buku zimeshakuwa rundo, hakuna anayejua mgonjwa fulani yuko kwenye ipi, na hapo ndipo muuzaji wa programu anapobisha hodi na kompyuta mpakato yake.

Nalinganisha njia nne zinazoonekana kweli kwenye kliniki za huku, kuanzia Tunduma hadi Iringa: daftari analobeba mgonjwa, faili la kadi linalobaki kliniki, jedwali la Excel, na mfumo kamili wa kompyuta. Niseme mapema ninakoegemea. Kwa kliniki ya kiti kimoja au viwili, kadi ya meno iliyochapishwa vizuri, ndani ya faili lenye namba, inazishinda programu nyingi zinazouzwa kwa bei rahisi. Msimamo huo unabadilika wagonjwa wa bima wakizidi, au ukifungua tawi la pili, na nitaeleza kwa nini.

Mgonjwa wa kupimia

Tuchukue mgonjwa mmoja wa mfano tumpitishe kote. Ni mama wa makamo, mkulima wa kakao Kyela, amepanda Mbeya kwa sababu ya gego la kwanza la chini kushoto, namba 36 (namba hizi nitazieleza mbele). Ana presha na anameza dawa kila siku. Aliwahi kuvimba uso alipopewa penisilini. Jino halitang'olewa, litatibiwa mzizi. Siku ya kwanza linafunguliwa, mifereji iliyo ndani ya mizizi inapimwa na kusafishwa, dawa inawekwa, jino linafungwa kwa muda, anaambiwa arudi baada ya wiki mbili. Anarudi baada ya miezi miwili, maana mvua zilikaza na nauli ilikuwa shida. Daktari aliyemwanza yuko likizo.

Anayempokea anataka kujua nini? Mzio wa penisilini kabla ya kitu kingine chochote. Presha ilisoma ngapi siku ile na anatumia dawa gani. Ganzi ilikuwa ipi na kiasi gani, mathalani lignokeni asilimia 2 yenye adrenalini, katriji mbili za mililita 1.8. Picha ya eksirei ya mwanzo iko wapi. Mifereji iliyopatikana ni mingapi, kwa sababu gego hili kwa kawaida lina mitatu lakini wa nne hujitokeza mara nyingi tu. Kila mfereji una urefu wa milimita ngapi, ulipimwa kutoka ncha ipi ya jino, na kifaa cha mwisho kusafishia kilikuwa namba ngapi. Dawa gani imo ndani. Mgonjwa alielezwa nini, alikubali nini, kalipa kiasi gani na anadaiwa kiasi gani.

Milimita hizo ndizo zinazotenganisha kumbukumbu na kijikaratasi. Ukiandika tu "mzizi umeanza kutibiwa, arudi", mwenzako ataanza kana kwamba jino halijaguswa: picha upya, kupima upya, na mama wa watu mdomo wazi nusu saa nyingine kwa kazi iliyokwisha kufanyika.

Daftari la mgonjwa

Hili kila mtu analijua. Linanunuliwa duka la nje ya geti la hospitali, jina linaandikwa juu kwa kalamu ya wino, na ndani yake kuna malaria ya mwaka juzi, kikohozi cha mtoto, orodha ya mahitaji ya msiba, kisha jino. Uzuri wake ni mmoja na ni mkubwa: linasafiri. Mgonjwa akitoka kwako akaenda Tukuyu, Makambako au Njombe, tabibu wa kule atasoma ulichofanya bila kukupigia simu. Mifumo ya kompyuta ya kliniki binafsi za huku kwa kawaida haifanyi hivyo.

Lakini ni mali ya mgonjwa, na wewe hubaki na chochote. Likiloa mvua ya Rungwe, likiachwa kwenye kosta, au likifichwa kwa sababu mume hatakiwi kusoma kilichomo, historia yote imekwenda. Malalamiko yakifika Baraza la Madaktari Tanganyika, utajitetea kwa maneno matupu. Pia daftari halina mchoro wa meno. Anayeandika huandika sentensi, na sentensi kuhusu meno 32 huwa na mapengo.

Mama wetu wa Kyela hapa anategemea bahati. Akilileta daftari na likawa limeandikwa vizuri, salama. Asipolileta, mnaanza moja.

Kwa hiyo daftari liendelee kuwapo kama nakala ya mgonjwa: mistari mitatu ya kilichofanyika, tarehe ya kurudi, jina la kliniki na la aliyetibu. Lisiwe ndiyo kumbukumbu yenu.

Hapo hapo niondoe mkanganyiko mmoja. Kuna wanaosema, "Sisi tunaandika kwenye rejesta ya MTUHA, inatosha." Haitoshi. Rejesta ya MTUHA, yaani ya takwimu za huduma za afya za serikali, ipo ili wilaya na wizara zijue wangapi wameng'olewa meno, wangapi wamezibwa, umri gani, jinsia gani. Ni mstari mmoja kwa mgonjwa kwa siku. Lazima ijazwe, lakini mzio wa penisilini na urefu wa mfereji havina mahali pa kukaa pale.

Faili la kadi

Hii ndiyo njia ninayoitetea, kwa sharti kwamba kadi iwe ya meno na iwe imechapishwa. Karatasi tupu ndani ya folda ni daftari lililobadilisha nguo. Kadi yenye nafasi zake humuuliza aliyechoka saa kumi jioni maswali ambayo asingejiuliza mwenyewe: presha? kisukari? pumu? mimba? dawa za kuzuia damu kuganda? mzio? Nafasi ikibaki wazi inaonekana, na msaidizi ana haki ya kuirudisha.

Ukurasa wa pili uwe mchoro wa meno, na uwe na safu mbili, ya meno ya ukubwani na ya utoto. Hili si pambo. Mtoto wa miaka saba kutoka Rujewa analetwa na bibi yake.

"Daktari, mng'oe tu hilo, si la utoto hilo?"

"Bibi, hili ni la ukubwani. Likitoka halirudi."

Jino lenyewe ni 36, ambalo huota karibu na miaka sita nyuma ya meno ya utoto bila kusukuma jingine, na ndiyo maana familia nyingi hudhani nalo litabadilishwa. Jirani yake wa mbele ni 75, la utoto kweli. Yakiwa yote mawili yametoboka, neno "gego la chini kushoto" peke yake ni hatari. Mchoro wenye namba unamaliza ubishi kabla koleo halijashikwa.

Namba zenyewe: tumieni zile za tarakimu mbili, ambazo ya kwanza inataja robo ya kinywa na ya pili inataja jino kuanzia katikati. Husomwa tatu sita, si thelathini na sita. Matabibu wa zamani bado wanachora ule msalaba wa robo nne na kuandika 6 kwenye pembe. Kwa kalamu unafaa na unasomeka, ila kwenye kompyuta au ujumbe wa simu hauandikiki. Wamarekani wao huhesabu 1 hadi 32 mfululizo, na hili litaturudia kwenye mifumo, maana huko 18 ni gego la pili la chini kushoto, wakati kwetu 18 ni gego la mwisho la juu kulia. Kliniki ichague mtindo mmoja, iuandike ukutani, basi.

Sasa kupanga mafaili. Ukipanga kwa herufi za majina Mbeya, umeshindwa kabla ya kuanza. Herufi M itajaza kabati zima, na ndani yake Mwakalinga, Mwakyusa, Mwaipopo, Mwambene na ndugu zao watafuatana kwa mita kadhaa. Ukienda Makete, akina Sanga watakufanyia vivyo hivyo. Jina la kwanza halisaidii sana, Neema na Tumaini wapo kila nyumba, na namba ya simu mara nyingi ni ya mtoto au ya jirani. Panga kwa namba ya faili, mfululizo, kisha tunza orodha ya majina pembeni yenye mwaka wa kuzaliwa na kijiji au mtaa. Namba hiyo ndiyo iandikwe kwenye kadi ndogo ya miadi anayoondoka nayo mgonjwa, kwenye filamu ya eksirei, kwenye risiti, na kwenye kazi inayopelekwa kwa fundi wa meno ya bandia.

Faili likitoka kabatini, pale lilipotoka paingizwe kipande cha kadibodi chenye namba, tarehe na jina la aliyelichukua. Kazi ya sekunde kumi. Kliniki zisizofanya hivi ndizo zinazomwambia mgonjwa faili limepotea, kumbe liko kwenye meza ya daktari chini ya gazeti.

Hali ya hewa nayo ina kauli yake. Tukuyu na Rungwe kwa jumla mvua hainyeshi ikaisha. Karatasi hunyonya unyevu, kuvu huota, na filamu za eksirei hugandana zikiwekwa bila bahasha. Kabati la chuma lisiguse ukuta wala sakafu. Iringa na Mbarali, kiangazi, tatizo ni vumbi na mchwa. Filamu zilizooshwa haraka haraka zitageuka rangi ya chai baada ya muda popote utakapoziweka, kwa hiyo dawa ya kuimarishia na maji safi vipewe muda wake, au zipigwe picha mara moja kwa kifaa cha kliniki. Nasema cha kliniki kwa makusudi. Picha za wagonjwa kwenye simu ya daktari, katikati ya picha za harusi na makundi ya WhatsApp, si kumbukumbu, ni uvujaji unaosubiri siku yake.

Kosa la maandishi lipigwe mstari mmoja ili lisomeke, pembeni saini na tarehe. Wino mweupe wa kufutia usiingie kabisa kwenye chumba cha matibabu.

Udhaifu wa kadi upo na hauna dawa. Faili liko mahali pamoja tu kwa wakati mmoja. Moto au mafuriko yakija hakuna nakala. Huwezi kuliuliza kabati, "Nani aliahidi kurudi mwezi huu na hajaonekana?" Na mwandiko! Kuna waganga ambao hata wao wenyewe hawausomi wa kwao wiki ya pili.

Mama wetu wa Kyela: namba iko kwenye kadi yake ya miadi, au kwenye orodha kama ameipoteza. Stika nyekundu ya mzio iko juu ya jalada. Milimita zipo kwenye jedwali la mifereji. Daktari wa zamu anaendelea alipoishia mwenzake.

Excel

Sina mengi. Excel ni nzuri kwa ile orodha ya majina na namba za mafaili, kwa hesabu za siku, na kwa kupanga nani apigiwe simu ya kukumbushwa. Kwa kumbukumbu ya matibabu haifai. Mtu yeyote anaweza kubadilisha kisanduku na hakuna alama inayobaki ya kilichokuwapo. Mbaya zaidi, mtu akipanga safu ya majina bila safu nyingine kufuata, mzio wa mama wa Kyela unahamia kwa kijana wa Uyole, na jedwali linaonekana safi kabisa. Flashi yenye virusi kutoka kibanda cha uchapaji itamalizia kazi.

Mfumo kamili wa kompyuta

Hapa tofautisha aina mbili, kwa sababu wauzaji hawatazitofautisha kwa niaba yako. Kuna mifumo ya hospitali nzima, yenye mapokezi, maabara, duka la dawa na malipo, ambamo meno yamepewa kisanduku kimoja cha kuandika maelezo. Kwenye vituo vya serikali utakutana na GoTHoMIS, mfumo wa serikali wa kuendeshea hospitali, na huko hakuna cha kuchagua, utatumia kilichopo na kuongeza kadi ya mchoro wa meno pembeni ikibidi. Aina ya pili ni programu zilizotengenezwa kwa ajili ya meno, zenye mchoro unaobofya jino, vipimo vya fizi sehemu sita kwa kila jino, na picha za eksirei zinazoingia moja kwa moja kwenye faili la mgonjwa. Open Dental ya Marekani ni mfano unaojulikana. Inakuja na ile hesabu ya Kimarekani ya 1 hadi 32, na mpangilio unaruhusu kubadili kuwa tarakimu mbili. Badilisha kabla hujaingiza mgonjwa wa kwanza.

Programu ya meno iliyowekwa vizuri inashinda kila kitu nilichotaja. Mzio unatokea kwenye kioo kabla hujaandika dawa. Hakuna mwandiko. Kila badiliko linabaki na jina na saa. Picha ya kabla na ya baada zinakaa ubavu kwa ubavu. Orodha ya wanaotakiwa kurudi inatoka kwa kubofya. Kwa wagonjwa wa bima ndiko pesa yako inakookolewa: dai lisilo na ugonjwa ulioandikwa sawasawa, namba ya jino na saini hukatwa au kurudishwa, na kuchimba kwenye mafaili ya karatasi mwisho wa mwezi kutafuta jino lililozibwa tarehe tano ni mateso. Kliniki ya mjini inayopokea watumishi wengi wenye kadi za NHIF na bima nyingine inaweza kuona faida yake mapema.

Gharama yenyewe haiko kwenye programu. Iko kwenye vitu vinavyoizunguka. Umeme ukikatika, kompyuta ya mezani inazima katikati ya sentensi, kwa hiyo betri ya akiba ni lazima. Msimu wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili, radi za huku huunguza vifaa, na kuchomoa plagi mawingu yakijikusanya juu ya mlima Loleza bado ni kinga ya kuaminika kuliko maneno ya fundi. Mfumo unaoishi mtandaoni hauungui na radi ya kwako, lakini bando likiisha au mtandao ukilala saa nne asubuhi, mgonjwa yuko kwenye kiti na wewe huna historia yake. Kwa Mbeya mjini na Iringa mjini ningethubutu. Kwa Ludewa au Makete ningetaka mfumo unaokaa ndani ya kliniki na kupeleka nakala mtandao ukipatikana.

Nakala za akiba: diski mbili za nje, moja ikilala kliniki, nyingine ikilala kwingine, zikibadilishana. Na mara moja moja jaribu kurejesha mgonjwa mmoja kutoka kwenye nakala hiyo. Nakala ambayo haijawahi kujaribiwa hujui kama ipo.

Kisha neno la siri. Kliniki yenye akaunti moja ambayo daktari, msaidizi na mhasibu wote wanaingilia imelipia mfumo na kutupa nusu ya faida yake, kwa sababu hakuna tena anayejua nani aliandika nini.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaziweka taarifa za afya kwenye kundi la taarifa nyeti, na anayezikusanya anatakiwa kusajiliwa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Muulize muuzaji taarifa zinahifadhiwa nchi gani, maana kuzipeleka nje ya Tanzania kuna masharti yake. Muulize pia mkiachana utaondoka na taarifa zako kwa umbo gani. Akijibu "usijali, bosi", hilo ni jibu, na si zuri. Muulize na kama kampuni yake ina mtu Mbeya au kila hitilafu inasubiri kijana apande basi kutoka Dar.

Uchague ipi

Kiti kimoja, wagonjwa wengi wa fedha taslimu, daktari au tabibu mmoja na msaidizi: kadi iliyochapishwa, faili la namba, Excel kwa orodha na miadi, daftari la mgonjwa kama nakala. Tumia pesa iliyobaki kununulia kabati zuri la chuma.

Kituo cha misheni au cha wilaya ambako matabibu hupokezana kila mara: kadi hiyo hiyo, na nguvu zaidi kwenye jedwali la mifereji na mchoro, kwa kuwa atakayesoma si uliyemzoea. Huduma za mkoba za mashuleni zibebe kadi zenye namba za kwao, karatasi isiyotegemea betri, na ziingizwe kabatini siku ile ile gari linaporudi. Kadi zikilala ndani ya gari, ndipo zinapopotelea.

Viti vitatu, bima nyingi, eksirei ya kidijitali tayari ipo: nenda kwenye programu ya meno, si ya hospitali nzima. Matawi mawili, tuseme Mwanjelwa na Mafinga, yenye wagonjwa wanaohamahama: programu, bila mjadala, kwa sababu faili la karatasi haliwezi kuwa kote kuwili. Usinunue kabla ya kuijaribu kwa mgonjwa wetu wa Kyela. Mwambie muuzaji aingize mzio wake, presha, mifereji mitatu na milimita zake, picha moja, na malipo ya nusu, kisha afunge, aingie kwa jina la mtu mwingine, na avionyeshe vyote. Wengi hukwama kwenye mifereji.

Ukishaamua kuhama kutoka kadi kwenda kompyuta, usimwajiri mtu wa kuingiza mafaili yote ya nyuma. Atachoka kufikia rafu ya pili na makosa yake yatakaa humo miaka. Namba za mafaili zibaki zile zile. Mgonjwa akirudi, siku hiyo ndiyo anaingizwa: mzio, magonjwa, mchoro wa meno kama yalivyo leo, na matibabu yaliyo njiani. Kadi yake ya zamani inapigwa muhuri wa tarehe ya kuhamishwa na kurudi kabatini, ambako bado itahitajika siku umeme hautakuwapo.